Kikosi cha 26, orodha ya 40: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuendesha klabu kwenye gemu za besiboli

Maswali haya yanatoka kwa vijana wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi na Lindi wanaocheza Out of the Park Baseball kwenye kompyuta au MLB The Show kwenye PlayStation, upande ule wa kuendesha klabu msimu baada ya msimu. Karibu wote tumekulia kwenye gemu za mpira. Kurusha na kupiga tunavizoea haraka, kinachotutesa ni kikosi. Majibu yanafuata kanuni za ligi kuu ya Marekani, MLB, chini ya mkataba wa wachezaji wa 2022. Out of the Park inazifuata karibu zote. The Show inafuata zile kubwa na kurahisisha nyingine. Utaona narudi palepale kila mara: kabla hujatazama ubora wa mchezaji, tazama ana opsheni ngapi (miaka ambayo unaweza kumshusha ligi ndogo bila kumpoteza) na kama yumo kwenye orodha ya 40.

Kompyuta yangu ni ya kawaida, na PlayStation niliyonayo ni ya nne. Nianze na gemu ipi?

Anza na Out of the Park. Ilitoka mara ya kwanza 1999, na karibu kila kitu ndani yake ni majina, takwimu na maamuzi, kwa hiyo haidai kompyuta yenye nguvu za ajabu. Ukishaipakua, kuendesha klabu hakuhitaji intaneti. Bando linaliwa siku ile ya kupakua. Sehemu inayoitwa Perfect Team ndiyo inayotaka mtandao muda wote, achana nayo kwanza. Matoleo ya miaka ya nyuma hushuka bei sana na yanatosha kabisa kujifunzia. Kwa The Show, toleo la 24 ndilo la mwisho kutoka kwa PS4. Kuanzia la 25 uwe na PS5.

Mbona kuna kikosi cha 26 halafu tena kuna orodha ya 40?

Wale 26 ndio wanaovaa jezi siku ya mechi. Kati yao warushaji wasizidi 13. Ikifika 1 Septemba kikosi kinapanda hadi 28, na warushaji hadi 14.

Orodha ya 40 inawabeba hao 26, pamoja na wachezaji walio ligi ndogo lakini wamesajiliwa kwenye orodha ya klabu kubwa, pamoja na majeruhi wa muda mfupi. Chini ya hapo klabu ina vijana wengi wengine, kwenye timu zake za ligi ndogo, kuanzia AAA iliyo ya juu, AA na madaraja ya A, ambao hawamo kwenye 40 kabisa. Kijana wa namna hiyo hata akiwa moto kiasi gani, hachezi timu kubwa mpaka umpatie nafasi kwenye 40.

Aliyetoka kwenye gemu za mpira huwaza usajili unaofungwa dirisha likifungwa. Besiboli ina mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku, na klabu zinapandisha na kushusha watu wiki nzima. Ndiyo maana napenda kuanza msimu nikiwa na 38 au 39 kwenye orodha, hata kama kuna mtu wa wastani angeweza kujaza. Siku mdakaji wako atakapoumia na wa akiba hayumo kwenye 40, ile nafasi tupu ndiyo itakayokuokoa usimtupe mtu unayemhitaji.

Kaka, nabonyeza kuendelea na gemu inagoma. Inasema kikosi si halali. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloongoza, hasa siku ya ufunguzi wa msimu. Mazoezi ya awali yakiisha, kikosi bado kimejaa watu uliowaita kuwaangalia, na gemu haiendi siku inayofuata mpaka hesabu ikae sawa.

Soma onyo lote mpaka mwisho. Mara nyingi tatizo ni moja kati ya matatu: watu wamezidi 26, orodha imezidi 40, au mpangilio wa mechi una jina la mtu ambaye hayupo tena. La tatu ndilo linalowazungusha watu. Out of the Park ina mpangilio wa wapigaji dhidi ya mrushaji wa mkono wa kulia na mwingine dhidi ya wa mkono wa kushoto. Umemshusha shotistopu wako (mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu) AAA, ukamwondoa kwenye mpangilio wa kwanza, gemu ikagoma bado. Jina lake limebaki kwenye ule wa pili. Kagua yote miwili, kisha ukurasa wa warushaji.

Ikiwa watu wamezidi kweli, fuata mpangilio huu. Waanze majeruhi, waende kwenye orodha ya majeruhi. Wafuate wenye opsheni, washuke AAA. Wasio na opsheni wawe wa mwisho kuguswa, kwa sababu hao ndio unaoweza kuwapoteza. Na usikimbilie kitufe cha kumwachia mchezaji. Mkataba wa besiboli ni wa uhakika: ukimwachia mtu aliyebakiza miaka miwili, mshahara wake unaendelea kukatwa kwako huku akichezea klabu nyingine kwa kima cha chini.

Opsheni ni nini? Ni sawa na kumtoa mchezaji kwa mkopo?

Hapana. Kwa mkopo mchezaji anachezea klabu ya mtu mwingine. Hapa anabaki ndani ya klabu yako, kwenye timu yako ya chini, na anaendelea kuhesabiwa kwenye 40. Kwa hiyo kumshusha kwa opsheni kunakupa nafasi kwenye 26 tu. Wengi wanashusha watu wawili watatu halafu wanashangaa orodha ya 40 bado imejaa.

Mchezaji akishaingia kwenye 40 anakuwa na miaka mitatu ya opsheni kwa kawaida. Ndani ya mwaka wa opsheni unaweza kumshusha na kumpandisha bila klabu nyingine kupata nafasi ya kumchukua. Mwaka unahesabiwa umetumika akikaa chini siku 20 au zaidi kwa jumla. Tangu 2022, mwisho wa kumshusha kwa msimu mmoja ni mara 5. Ukimshusha mpigaji, akae siku 10 kabla hujamrudisha. Mrushaji akae 15, isipokuwa anakuja kuziba pengo la majeruhi. Na mwenye miaka 5 ya huduma kwenye ligi kuu hashushwi bila ridhaa yake.

Tuseme una warushaji wawili wa akiba na nafasi moja. Kwa kipimo cha ubora cha 20 hadi 80 mmoja ana 50 na hana opsheni, mwingine ana 52 na amebakiwa na opsheni mbili. Mwenye haraka anambakiza wa 52, na yule wa 50 anachukuliwa na klabu nyingine bure. Mimi namweka wa 50 kwenye kikosi na kumshusha wa 52. Aprili ikiisha nina wote wawili, na Mei mtu akiumia namwita wa 52 asubuhi hiyohiyo. Alama mbili za ubora kwa mtu anayerusha iningi moja (kipindi kimoja kati ya tisa vya mechi) kila siku ya pili hazifiki thamani ya mrushaji mzima.

Kwa hiyo kila Machi panga orodha yako kwa safu ya opsheni. Aliyemaliza opsheni msimu huu uamue mapema: ana nafasi kwenye 26, au umbadilishe na klabu nyingine wakati bado ana bei.

Nikimtia mtu DFA, ndiyo nimempoteza?

Inategemea ni nani. Ukimtia DFA (designated for assignment) anatoka kwenye 40 papo hapo, na una siku 7 za kuamua: umbadilishe, umwachie, au umpitishe kwenye weiva, yaani umtangaze kwa klabu nyingine zote. Akiwa kwenye weiva klabu nyingine zinaweza kumdai, na yenye rekodi mbaya ndiyo inayotangulizwa. Anayemdai anachukua na mkataba wake. Asipodaiwa, unaweza kumpeleka AAA akiwa nje ya 40. Mwenye miaka 3 ya huduma, au aliyewahi kupelekwa hivyo siku za nyuma, anaweza kukataa na kuwa huru.

Mchezaji wa wastani mwenye mshahara mkubwa hupita salama, kwa sababu hakuna anayeutaka ule mzigo. Kijana wa bei ya chini mwenye kipaji hapiti.

Mrushaji wangu tegemeo ameumia kiwiko na orodha ya 40 imejaa. Nianzie wapi?

Jua kwanza kuna orodha za majeruhi za aina tofauti. Ya siku 10 ni ya wapigaji, ya siku 15 ni ya warushaji, ya siku 7 ni ya mshtuko wa kichwa, na ya siku 60 ni ya wote. Ya 60 pekee ndiyo inayomtoa mtu kwenye hesabu ya 40. Unaweza kurudisha tarehe nyuma hadi siku 3 kama hakucheza siku hizo, nayo inasaidia kwa maumivu madogo.

Sasa chukua kisa hiki. Ni 12 Mei, kiwiko kimechanika na gemu inasema upasuaji wa Tommy John, ule uliofanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974. Mtu haonekani kwa mwaka mmoja au zaidi. Unamweka kwenye orodha ya siku 15. Kikosi kinabaki na 25. Mrushaji bora uliyenaye AAA hayumo kwenye 40, na 40 imejaa. Hapo wengi wanakurupuka kumtia mtu DFA. Usifanye hivyo. Mhamishe majeruhi huyohuyo kwenda orodha ya siku 60, hesabu inashuka hadi 39, mwingize kijana, inarudi 40. Hakuna aliyepotea.

Angalizo moja: ukimweka mtu kwenye orodha ya 60 hawezi kurudi kabla ya siku hizo kuisha, kwa hiyo aliyeambiwa wiki sita mwache kwenye ya 15. Na msimu ukiisha orodha ya siku 60 inafutwa. Mwanzoni mwa Novemba wote waliokuwa humo wanarudi kwenye 40 kwa mpigo. Ukiwa na majeruhi wanne wa muda mrefu, zitafute nafasi nne tangu Oktoba.

Desemba kijana wangu amechukuliwa na klabu nyingine bila mimi kuuza. Imekuwaje?

Amechukuliwa kwenye drafti ya Kanuni ya 5. Kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini analindwa kwa misimu mitano. Aliyesajiliwa akiwa na 19 au zaidi, misimu minne. Muda huo ukiisha na bado hayumo kwenye 40, klabu nyingine inaruhusiwa kumchukua kwa dola 100,000. Ila lazima ambaye amechukuliwa akae kwenye kikosi cha 26 msimu mzima unaofuata. Wakishindwa, anapitishwa kwenye weiva, kisha unapewa nafasi ya kumrudisha kwa dola 50,000.

Kanuni hii siipuuzi, kwa sababu ya Roberto Clemente. Dodgers walimsajili kijana huyu wa Puerto Rico, wakamweka timu ya chini Montreal mwaka 1954 bila kumlinda. Pittsburgh Pirates wakamchukua kwenye drafti hiyo. Alimaliza na mapigo 3,000 kamili, akashinda ubingwa mara mbili, na akafa 31 Desemba 1972 kwenye ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko Nikaragua.

Kwenye gemu, katikati ya Novemba ndiyo siku yako ya mwisho ya kuwaingiza kwenye 40. Huwezi kuwalinda wote. Jiulize klabu gani itavumilia kumweka kijana wa daraja A kwenye kikosi kikubwa miezi sita. Mpigaji wa miaka 20 asiyewahi kucheza hata AA hachukuliwi kirahisi. Mrushaji wa AAA mwenye kasi anachukuliwa mara moja, maana anaweza kufichwa kwenye benchi la warushaji. Huyo ndiye wa kumlinda.

Chipukizi nimpandishe lini?

Mwaka mmoja wa huduma ni siku 172 kwenye kikosi kikubwa au orodha ya majeruhi yake. Akifikisha miaka mitatu anaweza kupeleka mshahara wake kwa msuluhishi, na akifikisha sita anakuwa huru. Klabu zimekuwa zikizichezea siku hizo. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimpandisha Kris Bryant 17 Aprili. Akamaliza msimu na siku 171. Kwa siku moja hiyo klabu ikapata mwaka mzima zaidi wa kuwa naye, naye alipolalamika rasmi akashindwa mwaka 2020.

Gemu inakuruhusu kufanya vivyo hivyo. Asiye tayari abaki AAA mpaka awe tayari, hapo hakuna ubishi. Lakini aliye tayari mimi nampandisha siku ya kwanza. Ushindi wa Aprili una uzito sawa na wa Septemba, na kijana anayepiga vizuri anajaza uwanja, mapato yanapanda, na mapato hayo ndiyo yatakayomlipa mwaka wa saba.

Besiboli haina ukomo wa mishahara. Mbona mwenye klabu ananibana?

Ukomo haupo, kuna kodi. Mwaka 2025 klabu iliyozidi dola milioni 241 ilitozwa asilimia 20 ya kilichozidi kwa mara ya kwanza, 30 kwa mwaka wa pili mfululizo, 50 kwa wa tatu. Kima cha chini cha mchezaji mwaka huo kilikuwa dola 760,000. Ila kwenye Out of the Park bajeti anayokupa mwenye klabu hukubana kabla hujaufikia mstari huo, hasa ukichukua klabu ya mji mdogo.

Jihadhari na mikataba mirefu kwa waliovuka miaka 32. Gemu inawashusha viwango, na mkataba unabaki. New York Mets wanamlipa Bobby Bonilla takribani dola milioni 1.19 kila 1 Julai, tangu 2011 hadi 2035, na alicheza mara ya mwisho 2001.

Warushaji wangapi, na wa aina gani?

Tumia zote 13: watano wa kuanza, wanane wa akiba. Kati ya hao wanane, wawili watatu wawe na opsheni, ili siku mechi ikienda iningi 14 na wote wamechoka, uwashushe waliochoka na kuwaita wenye mikono mibichi. Aliyerusha jana na juzi usimtumie leo hata kama ni bora. Mchezaji anayetambuliwa rasmi kwa kazi zote mbili, kurusha na kupiga, kama Shohei Ohtani, hahesabiwi kwenye wale 13, na hiyo peke yake ni nafasi ya ziada ambayo klabu nyingine hazina.

Mwisho wa kubadilishana wachezaji ni lini?

Mwisho wa Julai au siku za kwanza za Agosti, kutegemea mwaka. Baada ya hapo unaweza kudai watu wa weiva na kusajili walio huru, lakini awe ndani ya klabu yako kufikia 31 Agosti kama unataka acheze hatua za mtoano. Mwenye miaka 10 ya huduma, mitano ya mwisho kwako, ana haki ya kukataa kuhamishwa.

Naweza kuiachia kompyuta kazi hizi?

Ndiyo. Kwa anayeanza, iachie timu za AA na A, na wewe ushike 26 na AAA. Usiiachie kamwe DFA na weiva. Zima ruhusa hiyo kwenye mipangilio kabla ya siku ya kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya msimu?

Washa kuhifadhi kwa otomatiki kila wiki ya gemu, na kila mwisho wa mwezi nakili faili la ligi kwenye flashi. Kwenye PlayStation usitegemee hilo. Hifadhi mwenyewe kila baada ya mechi.

Nataka kutazama mechi za kweli nijifunze. Zinachezwa saa ngapi zetu?

Mechi ya saa 1 jioni New York wakati wa kiangazi kwao ni saa 8 usiku kwetu. Subiri Jumapili: nyingi za mchana zinaanza baada ya saa 2 usiku hapa.

Tunaweza kutengeneza ligi yetu ya Kusini na timu zetu?

Mnaweza, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Out of the Park inakuruhusu kuunda ligi ya kubuni, ukaandika miji, majina ya timu, idadi ya mechi na kanuni unazotaka. Weka Mtwara, Mikindani, Masasi, Newala na Tandahimba upande mmoja. Lindi, Kilwa, Nachingwea, Ruangwa na Liwale upande wa pili. Msimu uanze Juni, mvua zikiwa zimekwisha, na fainali ichezwe Septemba kabla minada ya korosho haijawashika watu.

Msinakili kanuni zote za Marekani. Ligi ya timu kumi zenye mechi 60 haiwezi kubeba orodha ya 40 na ngazi nne za ligi ndogo. Wekeni kikosi cha 22, timu moja ya akiba, na mzime drafti ya Kanuni ya 5. Opsheni zibakizeni, kwa sababu bila hizo mwenye timu tajiri anarundika vipaji kwenye akiba na hakuna wa kumgusa. Mgao wa mapato uwe sawa misimu mitatu ya kwanza, la sivyo Mtwara na Lindi zitachukua kila mtu.

Kompyuta moja inatosha, maana gemu inakubali mameneja zaidi ya mmoja kwenye ligi moja: kila mtu anakaa kwa zamu yake, anapanga kikosi, anampisha mwenzake. Mkiwa mbali, mmoja Masasi na mwingine Kilwa, chagueni msimamizi. Yeye anawatumia faili la ligi, kila meneja anamrudishia faili la timu yake kabla ya saa mliyokubaliana, naye anaendesha wiki moja na kutuma matokeo. Msimamizi awe mtu asiye na timu, na kanuni ya aliyechelewa kutuma iandikwe kabla ya mechi ya kwanza: kikosi chake kinacheza kama kilivyokuwa wiki iliyopita, na majeruhi akiwemo, kompyuta inamjazia nafasi.